Baharia wa Nyambizi: Maisha ya Martin Niemöller

1. Mzee aliyerudi vitani

Ndugu msomaji, huenda katika kijiji chako yupo, au aliwahi kuwapo, mzee aliyepigana vita. Watoto humzunguka jioni. Humwuliza alipigana wapi na alipata nishani gani. Ni mara chache mtu kumwuliza swali jingine: Je, mzee, baada ya vita uliyafikiriaje uliyoyatenda?

Katika sura hii utasoma habari za mtu mmoja aliyejiuliza swali hilo mwenyewe. Alikuwa Mjerumani. Jina lake Martin Niemöller. Jina hilo la pili ni gumu kidogo kwetu. Lisome hivi: Nimela. Alizaliwa mwaka 1892 na alikufa mwaka 1984.

Katika ujana wake alikuwa baharia wa nyambizi. Baadaye akawa mchungaji. Kisha akawa mfungwa. Na alipokuwa mzee alizunguka nchi nyingi akiwasihi watu waache vita.

2. Nyambizi ni chombo gani?

Nyambizi ni meli ya vita inayoweza kuzama kwa hiari yake na kutembea chini ya maji. Ina matangi makubwa. Mabaharia wakitaka kuzama, huyajaza matangi hayo maji ya bahari, nayo meli huwa nzito ikazama. Wakitaka kuibuka, huyasukuma maji yatoke kwa nguvu ya hewa, nayo meli huwa nyepesi.

Nyambizi za Vita Kuu ya Kwanza zilikuwa ndogo. Ndani yake waliishi watu kama 30 au 40, wamebanana kama dagaa katika gunia. Juu ya maji zilitumia injini za mafuta. Chini ya maji zilitumia umeme wa betri, na betri zikiisha nguvu ilibidi kuibuka. Hewa ya ndani ilikuwa nzito, yenye harufu ya mafuta na jasho. Hapakuwa na maji ya kuoga. Meli ikitobolewa ikiwa chini, wote walikufa pamoja, ofisa na mpishi.

Nyambizi ilikuwa na silaha ya kutisha iitwayo topido. Hili ni kombora linalokwenda ndani ya maji mpaka kwenye meli ya adui na kulipuka. Nyambizi nyingine zilitega mabomu baharini na kuyaacha hapo yangoje meli zipite.

Wajerumani kama 5,000 walikufa katika nyambizi wakati wa vita ile. Mabaharia wa meli walizozizamisha, na abiria wao, walikufa wengi zaidi. Katika vita ya pili walikufa Wajerumani wa nyambizi wapatao 30,000. Kando ya bahari karibu na mji wa Kiel, huko Ujerumani, upo ukumbusho wenye majina yao. Jina la Niemöller halimo humo, kwa sababu yeye alirudi. Lakini aliyerudi naye ana mzigo wake.

3. Kijana wa jeshi la majini

Martin Niemöller alizaliwa tarehe 14 Januari 1892 katika mji wa Lippstadt. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri. Nyumbani alifundishwa mambo mawili: kumcha Mungu na kumtii Kaisari, yaani mfalme wa Wajerumani. Hakuona kwamba mambo hayo mawili yangeweza kugombana.

Mwaka 1910, alipomaliza shule, aliingia jeshi la majini ili awe ofisa. Vita Kuu ya Kwanza ilianza mwaka 1914. Ni vita ile ile iliyopiganwa pia Tanganyika kati ya Wajerumani na Waingereza, ambayo iliwaua wapagazi wengi wa Kiafrika. Niemöller alipigana mbali na huku. Alipelekwa kwenye nyambizi katika Bahari ya Kati, ile iliyo kati ya Ulaya na Afrika Kaskazini.

Kwanza alikuwa ofisa katika nyambizi iliyoitwa U-73. Kazi yake kubwa ilikuwa kutega mabomu. Aprili 1916 manowari ya Uingereza iitwayo Russell iligonga mabomu hayo karibu na kisiwa cha Malta, ikazama. Novemba 1916, karibu na kisiwa cha Kea huko Ugiriki, meli nyingine kubwa iligonga bomu lililotegwa na nyambizi hiyo hiyo. Meli hiyo iliitwa Britannic. Haikuwa manowari. Ilikuwa hospitali ya baharini, yenye madaktari na wauguzi. Ilikuwa na watu zaidi ya 1,000. Kwa bahati walio wengi waliokolewa, lakini watu 30 walikufa.

Angalia, ndugu msomaji. Bomu lililotegwa halichagui. Aliyelitega amekwisha ondoka, hajui nani atakanyaga mlango wake.

4. Siku ya meli ya Kifaransa

Mwanzoni mwa mwaka 1917 Niemöller alihamishiwa nyambizi nyingine, U-39. Kazi yake ilikuwa kuongoza njia. Januari mwaka huo waliipiga kwa topido meli ya Ufaransa iliyobeba askari wengi. Meli ilizama. Askari wakawa wanaelea majini wakipiga kelele.

Manowari ndogo ya Kifaransa ikaja kuwaokoa. Wale wa nyambizi wakafikiri hivi: askari hawa wakiokolewa, kesho watapigana na wenzetu. Basi nyambizi ikaisogelea ile manowari ili kuitisha, isipate nafasi ya kuokoa watu.

Kwa desturi ya vita hawakuvunja amri yoyote. Lakini jambo lile halikumtoka Niemöller moyoni. Yeye na maofisa wenzake walizungumza juu yake. Miaka mingi baadaye aliandika kwamba siku ile ndipo alipoona kuwa mtu anaweza kufika mahali ambapo hawezi kubaki na dhamiri safi, hata akitii amri zote.

Lakini hakuacha vita. Mwaka 1918 alipewa nyambizi yake mwenyewe, UC-67, akawa nahodha akiwa na miaka 26. Alizamisha meli. Alipewa nishani ya ushujaa. Novemba 1918 Ujerumani ilishindwa, naye akairudisha nyambizi yake Kiel. Akakuta mabaharia wameasi, na Kaisari aliyemtumikia amekimbilia Uholanzi.

5. Shamba, reli na mimbari

Mwaka 1919 wakubwa wake walimtaka asaidie kupeleka nyambizi Uingereza, zikabidhiwe kwa washindi. Alikataa, akaacha jeshi. Mwaka huo huo alimwoa Else Bremer.

Sasa afanye kazi gani? Alikwenda kwenye kijiji cha Wersen akawa kibarua wa shamba. Nahodha wa jana akashika jembe na kutunza mifugo. Alitamani kununua shamba lake, lakini fedha ya Ujerumani ilikuwa inapoteza thamani, na akiba yake haikutosha.

Akaamua kufuata kazi ya baba yake. Alisoma mambo ya dini katika Chuo Kikuu cha Münster. Wakati huo alikuwa na mke na watoto wa kulisha, kwa hiyo alifanya pia kazi ya kutengeneza njia ya reli. Mwaka 1924 akawa mchungaji. Mwaka 1931 alipewa usharika wa Dahlem katika jiji la Berlin. Watu wengi walikuja kumsikiliza, maana alisema waziwazi kama baharia.

6. Kosa kubwa

Hapa, ndugu msomaji, lazima tuseme kweli yote. Ukisimulia maisha ya mtu kwa kuacha makosa yake, umesimulia nusu.

Niemöller hakupenda serikali zilizofuata baada ya Kaisari. Aliona nchi yake imedharauliwa. Ndipo akatokea Adolf Hitler na chama chake cha Nazi. Hitler aliahidi kurudisha heshima ya Ujerumani. Alisema pia kwamba shida zote zimeletwa na Wayahudi na wakomunisti. Niemöller alikipigia kura chama hicho mwaka 1924 na tena mwaka 1933. Yeye mwenyewe aliwasema Wayahudi vibaya, hata katika mahubiri.

Hitler alishika serikali tarehe 30 Januari 1933. Mambo yakaenda mbio. Wakomunisti walikamatwa. Mwezi Machi kambi ya mateso ilifunguliwa mahali paitwapo Dachau. Mwezi Aprili Wayahudi walianza kufukuzwa katika kazi za serikali. Mwezi Mei vyama vya wafanyakazi vilivunjwa, viongozi wao wakafungwa. Mwezi Julai vyama vyote vya siasa vilikatazwa, isipokuwa kile cha Nazi.

Mchungaji Niemöller aliona. Hakusema kitu. Yeye hakuwa mkomunisti. Hakuwa Myahudi. Hakuwa kiongozi wa wafanyakazi. Aliona hayo ni mambo ya wengine.

7. Kusema hapana

Kisha serikali ikafika mlangoni pa kanisa. Wafuasi wa Hitler ndani ya kanisa walitaka wachungaji wenye asili ya Kiyahudi wafukuzwe, ingawa walikuwa wamebatizwa. Hapo Niemöller akakataa. Septemba 1933 aliunda umoja wa wachungaji wa kusaidiana na kupinga jambo hilo. Baada ya miezi michache umoja huo ulikuwa na wachungaji wapatao 7,000.

Tarehe 25 Januari 1934 viongozi wa makanisa waliitwa kwa Hitler. Niemöller alikuwa mmoja wao. Wakashangaa kusikia yakisomwa maneno aliyoyasema Niemöller kwa simu asubuhi ile ile. Kumbe polisi walikuwa wakiisikiliza simu yake. Hitler alikasirika. Wengine wakaogopa, lakini Niemöller alimjibu. Alimwambia kwamba wachungaji nao wana wajibu kwa watu wa Ujerumani, na hakuna awezaye kuwaondolea wajibu huo. Jioni polisi wa siri walikuja kupekua nyumba yake.

Hakunyamaza. Kwa miaka mitatu alihubiri kwamba kanisa ni la Mungu wala si la serikali. Kila mara alionywa. Tarehe 1 Julai 1937 alikamatwa.

8. Kifungoni

Alikaa mahabusu miezi minane. Machi 1938 mahakama ilimhukumu kifungo cha miezi saba na faini ya marka 2,000. Kwa kuwa alikuwa amekwisha kaa zaidi ya hiyo miezi saba, ilipasa aende nyumbani. Hakwenda. Polisi wa siri walimchukua mara moja, wakampeleka katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen. Hitler mwenyewe alimfanya mfungwa wake. Hapakuwa na siku ya kutoka.

Fikiri juu ya jambo hilo. Mahakama imesema nenda, na serikali inasema hapana. Mahali sheria inapokuwa hivyo, hakuna raia aliye salama.

Alifungwa peke yake katika chumba kidogo. Mwaka 1941 alihamishiwa Dachau. Jumla alifungwa karibu miaka minane. Hakupigwa wala kufanyishwa kazi ngumu kama wafungwa wengine, maana jina lake lilijulikana hata nchi za nje. Lakini aliwasikia wengine wakipigwa. Akiwa kifungoni binti yake mmoja alikufa kwa ugonjwa, na mtoto wake wa kiume aliuawa vitani.

Lipo jambo jingine ambalo liliwashangaza rafiki zake. Vita Kuu ya Pili ilipoanza mwaka 1939, Niemöller aliandika barua kutoka kambini akiomba kurudi katika jeshi la majini. Ombi lake lilikataliwa. Hitler alikuwa amemfunga bila haki, na bado yeye alikuwa tayari kupigana. Hivyo ndivyo mazoea ya askari yalivyokuwa yamemshika.

Mwezi Aprili 1945 walinzi walimchukua yeye na wafungwa wengine mashuhuri mpaka kwenye milima ya kusini. Mwanzoni mwa Mei askari wa Marekani waliwakuta huko. Akawa huru.

9. Miaka minne

Watu wengi walimpokea kama shujaa. Alikuwa mtu aliyempinga Hitler na kufungwa. Angeweza kukaa kimya na kufurahia sifa zake. Yeye hakufanya hivyo.

Mwaka huo wa 1945 alikwenda Dachau pamoja na mkewe, ili amwonyeshe chumba alichofungiwa. Wakafika kwenye tanuri ambamo maiti za wafungwa zilichomwa. Hapo palikuwa na kibao. Kilisema kwamba watu walichomwa mahali hapo toka mwaka 1933 mpaka mwaka 1945.

Niemöller alisimama akisoma ile miaka. Yeye alikamatwa mwaka 1937. Kwa hiyo toka mwaka huo alikuwa na jibu: nilikuwa mfungwa, sikuweza kufanya kitu. Lakini kibao hakikuanza 1937. Kilianza 1933. Toka 1933 mpaka 1937 alikuwa huru. Alikuwa na mimbari na watu wa kumsikiliza. Watu walikuwa wakipelekwa kambini, naye alikuwa wapi? Kwa ile miaka minne hakuwa na jibu.

Oktoba 1945, katika mji wa Stuttgart, yeye na viongozi wenzake wa kanisa walitoa tamko la kukiri kosa. Baada ya hapo alizunguka Ujerumani akisema kwamba wote wana deni kwa waliouawa, na kwamba yeye mwenyewe ni mmoja wa wenye deni. Aliwataja wakomunisti, wafanyakazi na Wayahudi, ambao yeye hakuwasemea walipochukuliwa. Alisema kwamba zamu yake ilipofika, aliyeweza kumsemea hakuwapo. Maneno yake hayo yamejulikana dunia nzima.

Wajerumani wengi hawakupenda kusikia. Walikuwa na njaa, nyumba zao zimebomolewa, nao walijiona kuwa ndio walioonewa. Januari 1946, alipozungumza na wanafunzi wa chuo kikuu mjini Erlangen, walimpigia kelele. Hakuacha. Kupigiwa kelele na watu wako kunaumiza kuliko kupigwa na adui, lakini aliendelea.

10. Baharia anakataa vita

Toka mwaka 1947 mpaka 1964 Niemöller alikuwa kiongozi wa kanisa katika sehemu za Hesse na Nassau. Kwa muda huo bado aliamini kwamba vita nyingine ni za haki.

Machi 1954 Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Mavumbi ya sumu yaliwaangukia wavuvi 23 wa Kijapani waliokuwa mbali wakivua samaki wao. Mmoja wao alikufa mwaka huo. Mwaka huo huo Niemöller alizungumza na wataalamu, mmoja wao akiwa Otto Hahn, mtaalamu mashuhuri wa mambo ya atomu. Wakamweleza kwamba sasa binadamu ana uwezo wa kuua viumbe vyote duniani.

Akarudi nyumbani akasoma tena Agano Jipya. Akaamua kwamba hatakubali vita tena, ya mtu yeyote, kwa sababu yoyote. Wakati huo alikuwa na miaka 62. Nahodha wa nyambizi akawa kiongozi wa chama cha amani cha Ujerumani. Baadhi ya watu walimwita msaliti. Wakati wa vita ya Vietnam alikwenda Vietnam Kaskazini, ambako Wamarekani walikuwa wakipiga mabomu, akaonana na Rais Ho Chi Minh. Toka 1961 mpaka 1968 alikuwa mmoja wa marais wa Baraza la Makanisa la Ulimwengu.

Mwaka 1961 mkewe alikufa katika ajali ya gari nchini Denmark. Niemöller ndiye aliyekuwa akiendesha. Alibeba na huzuni hiyo.

Alikufa tarehe 6 Machi 1984 katika mji wa Wiesbaden, akiwa na miaka 92. Alizikwa Wersen, kijiji kile alichofanya kibarua cha shamba baada ya vita yake ya kwanza.

11. Tujifunze nini?

Wazee wetu husema: Mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Methali hiyo inatuonya tujiandae. Maisha ya Niemöller yanatuongezea jambo. Usitie maji tu na kungoja zamu yako. Uliza: Kwa nini mwenzangu ananyolewa? Na amekubali?

Niemöller alikuwa jasiri katika nyambizi. Ujasiri ule alikuwa nao kila siku. Lakini kumsemea jirani asiye wa kabila lako, wala wa dini yako, wala wa chama chako, ni ujasiri wa namna nyingine. Huo alichelewa kuupata, na alikubali mbele ya watu kwamba alichelewa. Majuto ni mjukuu, lakini majuto yake hayakukaa kimya. Yaliwafundisha wengine.

Wewe huna nyambizi wala mimbari. Lakini una mkutano wa kijiji. Una jirani. Siku mjane anaponyang'anywa shamba, au mgeni anaposingiziwa wizi, au mzee anapoitwa mchawi, ile ndiyo miaka yako minne. Siku hiyo utakuwa wapi?

Na ukikutana na mzee aliyepigana vita, keti naye. Msikilize habari za ushujaa wake. Kisha umwulize pia alivyofikiri baadaye. Labda amengoja siku nyingi aulizwe.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini Niemöller hakusahau siku ya meli ya Kifaransa?
2. Mahakama ilimhukumu miezi saba. Kwa nini alifungwa karibu miaka minane?
3. Kibao cha Dachau kilimwuliza swali gani?
4. Je, mtu aliyekosa na kukiri anastahili kuheshimiwa? Toeni sababu.
5. Taja jambo moja hapa kijijini ambalo watu wanaliona na kulinyamazia. Tufanye nini?